Bunduki ya Vita ya Bei Rahisi

Wenye mashamba ya mahindi chini ya Moshi hutuuliza: je, bunduki kuukuu ya vita yafaa kununuliwa kwa kuwindia nguruwe?

Tutazame risasi kwanza. Mauser ya mwaka 1871, waliyokuwa nayo askari wengi wa Wadachi vita ilipoanza mwaka 1914, ina mtutu wa milimita 11, nayo hupakiwa risasi moja moja. Baruti yake ilitoa moshi mzito (hatusemi mji!), adui akamwona mpigaji papo hapo. Risasi zake sasa ni adimu, na mtutu ulioliwa na kutu hautengenezeki kwa mafuta. Tena sheria ya silaha ya mwaka 2015 yataka kibali. Sisi tungechimba handaki kuzunguka shamba.