Jirani Ndani ya Basi

 

Mnaijua methali isemayo samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo inafaa kwa muuza samaki. Lakini watu si samaki.

Tarehe 2 Aprili 2015, hapa Garissa, watu waovu waliingia Chuo Kikuu wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Tulilia sana. Baada ya hapo wengi wetu tulianza kumwogopa kila Msomali. Mimi mchungaji wenu nilikuwa mmoja wao. Siku moja nilipanda basi, nikamwona kijana wa Kisomali ameketi peke yake. Akanisogezea nafasi. Nikapita, nikatafuta kiti kingine. Hakuwa amenikosea lolote.

Sasa sikieni. Tarehe 21 Desemba mwaka huo huo, basi lilitoka Nairobi kwenda Mandera. Karibu na El Wak, watu wenye bunduki walilishambulia. Wakataka abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Akina mama wa Kiislamu wakawapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Wakawaambia wale wauaji: tuueni sote, au mtuache sote. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi siku ile, akafa hospitalini Januari 2016. Lakini Wakristo wengi waliokuwa ndani ya basi wakapona.

Nilipoyasikia hayo, nilimkumbuka kijana yule, nikaona haya.

Yesu naye alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari za Msamaria. Wayahudi waliwadharau Wasamaria. Lakini ni yeye aliyeshuka njiani, akafunga majeraha ya mtu asiyemjua. Someni Luka sura ya 10.

Watoto, labda darasani mwenu yuko mtoto aliyepewa jina baya kwa sababu ya kabila lake, dini yake, au makosa ya ndugu yake. Kesho uwe wa kwanza kumsalimu. Mwite mcheze. Na kama ni wewe uliyepewa jina hilo, usirudishe tusi. Mungu hakuiti hivyo. Endelea kutenda mema. Ipo siku wataona.

Tuombe. Bwana Yesu, utusamehe tulipowapita watu. Utufundishe kusogea, tukae pamoja nao. Amina.