Uzito wa Mama Si Jambo la Kuchekwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumezoea kusimama hapa kusema juu ya mishahara, saa za kazi na nyumba. Leo twaomba ruhusa tuseme juu ya miili ya wake zetu na dada zetu wanapofika umri wa makamo. Wengine watauliza, hayo yanahusu chama kwa nini? Twajibu: mfanyakazi hafiki kazini kwa nguvu zake peke yake. Yuko mtu aliyeamka kabla yake akawasha jiko. Tena wanachama wengine ni akina mama wenyewe.

Kwanza tuungame kosa letu. Tunaye dada mkubwa wa miaka 49, auzaye mboga sokoni. Kwa muda wa miaka mitatu nguo zake zote zilianza kumbana. Sisi tukacheka. Mbele ya wageni tulimwita Gari la Mizigo, naye akacheka pamoja nasi, kumbe moyoni alikuwa akilia. Akaanza kushinda na njaa tangu asubuhi hata jioni, na kumeza vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa barabarani. Siku moja akaanguka sokoni kati ya vikapu vyake. Alipopimwa zahanati, alionekana ana presha ya juu. Tangu siku hiyo jina lile halikutajwa tena nyumbani mwetu.

Muuguzi alitueleza mambo ambayo hatukufundishwa shuleni. Kwa wanawake wengi damu ya mwezi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Wakati huo homoni iitwayo estrojeni hupungua mwilini, na mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na nyongani huelekea tumboni. Tena misuli ya kila mtu, mume kwa mke, hupungua kadiri umri unavyosonga, na misuli ndiyo itumiayo chakula hata tukiwa tumeketi. Joto la ghafla la usiku huvunja usingizi, na asiyelala vizuri huona njaa zaidi.

Sisi watu wa reli tutafahamu upesi. Injini ya moshi ya zamani ikizidi mvuke, mvuke ule ulitoka juu kwa kelele. Mwili hauna mlango huo. Kinachozidi huwekwa akiba.

Basi jambo hili si uvivu, wala si ulafi, wala si dalili kwamba bwana anamlisha mkewe vizuri. Wala si la dada yetu peke yake. Katika hesabu ya afya ya Kenya ya mwaka 2008-09, wanawake 25 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2014 walikuwa 33.

Mafuta ya tumboni ndiyo ya kuogopwa, maana huleta presha, kisukari na ugonjwa wa moyo. Chukueni tepu ya fundi cherehani mpime kiuno. Kwa mwanamke, kikipita sentimita 80 hatari imeanza. Kikipita 88 hatari ni kubwa.

Dawa yake ni nini? Twaitaja kwa ufupi.

1. Asishinde na njaa. Ale, lakini nusu ya sahani iwe mboga, na ugali upungue. Maharagwe, samaki au mayai yasikosekane, maana hulinda misuli.

2. Sukari. Sisi tulikuwa tukitia vijiko vitatu katika kila kikombe, vikombe vitano kwa siku: vijiko 15! Vizuri visipite kama 6, pamoja na soda na vitamu vingine.

3. Atembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa juma. Mara mbili kwa juma afanye kazi ya misuli, hata kuinuka kitini mara nyingi bila kushika kitu.

Lakini ndugu, sikilizeni. Nusu saa hiyo itatoka wapi, ikiwa yeye ndiye ateke maji, aoshe vyombo na afue nguo zetu? Na mama apikaye vyungu viwili, kimoja chake na kimoja cha wenye nyumba, atachoka kabla ya mwezi kwisha. Kwetu sasa chungu ni kimoja, na vyombo vya jioni twaosha sisi. Baada ya mwaka mmoja dada yetu alitoka kilo 86 akafika 80. Dawa ya presha bado anameza, lakini magoti hayamlizi tena.

Tena angalieni: mama akikonda bila kujaribu, au akiona damu baada ya kukaa miezi 12 bila kuiona, aende kwa daktari mara moja.

Kwa hiyo twaomba kamati ya tawi ipiganie ruhusa ya kwenda kupimwa, ili mama aliye kazini asikatwe mshahara kwa kutunza uhai wake. Hilo ni la kamati. La kuosha vyombo ni letu, nalo laweza kuanza jioni hii.

Umoja ni nguvu.