Jumatatu ya Mkristo

Dominika ya 22 ya Mwaka B
Masomo: Kum 4:1-2, 6-8, Yak 1:17-18, 21-22, 27, Mk 7:1-8, 14-15, 21-23



Tunawasalimu nyote mnaotusikiliza asubuhi hii: ninyi mliokwisha kusali Misa ya kwanza, ninyi mnaojiandaa kwenda kanisani, na hasa ninyi wagonjwa, wazee na wenye kuwauguza, ambao redio ndiyo mimbari yenu ya Dominika ya leo. Salamu za pekee ziwafikie makatekista, ambao mara nyingi huongoza ibada ya Dominika pasipo padre katika vigango vya mbali.

Swali letu la leo ni fupi. Imani tunayoiungama siku ya Dominika hufanya kazi gani siku ya Jumatatu?

Katika Injili tumesikia kwamba Mafarisayo na waandishi waliotoka Yerusalemu waliwaona baadhi ya wanafunzi wa Yesu wakila bila kunawa mikono. Hawakulalamikia afya, walilalamikia desturi ya wazee, iliyowataka watu wajitakase kabla ya kula. Bwana wetu hadharau maji, wala hadharau desturi njema. Anachokataa ni kuiweka desturi mahali pa amri ya Mungu. Kisha anawaeleza watu kwamba kinachomtia mtu unajisi hakiingii kutoka nje, bali hutoka moyoni: wizi, tamaa, hila, kijicho, matukano, kiburi na mengineyo. Tuitazame vema orodha hiyo. Mengi yaliyomo humwumiza jirani: nyumbani, sokoni, shambani na kazini. Huko ndiko moyo unakojulikana.

Ipo mistari ambayo somo la leo limeiruka, yaani mstari wa 9 hadi wa 13. Yafaa tuisome nyumbani. Hapo Yesu anataja mfano wa Korbani. Mtu alikuwa na wazazi wenye kuhitaji msaada. Naye akatangaza kuwa mali ambayo ingewafaa wazazi hao imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu. Kwa neno moja la kidini akajivua wajibu wake kwa baba na mama. Midomo yake ilimtaja Mungu, na papo hapo akaivunja amri ya Mungu.

Ndugu wapendwa, ni rahisi kuwahukumu Mafarisayo. Lakini sisi tunaozungumza nanyi tuliwahi kusema Korbani, nasi tunaona yafaa tuliseme jambo hilo wazi.

Miaka mingi iliyopita tulikabidhiwa parokia moja ya mashambani. Tulimwita fundi mwashi, muumini wa parokia hiyo hiyo, atujengee jiko na ghala la nyumba ya mapadre. Alifanya kazi majuma 6. Tulimlipa nusu ya ujira wake, na nusu iliyosalia tukaahidi kuitoa mwisho wa mwezi. Kabla mwezi haujaisha, tukapata habari kwamba Askofu angekuja kutoa Kipaimara. Kanisa lilihitaji rangi, altare ilihitaji vitambaa vipya, na wageni walihitaji chakula. Tukaichukua fedha ya fundi. Wala hatukuona vibaya. Tulijiambia kwamba fedha imekwenda kwa Mungu, na kwamba fundi ni Mkristo, ataelewa.

Fundi alikuja mara ya kwanza, tukamwambia avumilie. Alikuja mara ya pili, tukamwambia vivyo hivyo, tena tukiwa tumesimama mlangoni, pasipo hata kumkaribisha kiti. Wahenga walisema kweli: kukopa harusi, kulipa matanga. Ikafika Dominika ya 26 ya mwaka B, ambapo Mtakatifu Yakobo anawakemea matajiri waliozuia ujira wa vibarua waliovuna mashamba yao. Tulihubiri kwa bidii, na watu wakatusikiliza kwa makini. Baada ya Misa tulimkuta fundi yule akitungoja kando ya sakristia. Alivua kofia, akasema kwa heshima: "Baba, tunamshukuru Mungu kwa mahubiri. Mimi ni mmoja wa vibarua hao. Mwanangu amerudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya ada, na muhula unakwisha."

Hakuongeza neno. Kesho yake, siku ya Jumatatu, tulikwenda kukopa katika parokia jirani, tukamfuata fundi nyumbani kwake, tukamlipa na kumwomba radhi mbele ya mkewe. Alitusamehe, nao wakatukaribisha chai. Lakini kijana alikuwa amekosa mitihani, ikambidi arudie darasa. Fedha tuliirudisha, mwaka wa kijana hatukuweza kuurudisha. Ndipo tulipojua kwamba tendo jema likicheleweshwa, laweza kumkuta jirani amekwisha kuumia.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano uliliona jambo hili. Katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, Mababa wa Mtaguso waliuhesabu utengano kati ya imani na maisha ya kila siku kuwa miongoni mwa makosa mazito ya nyakati zetu. Hawakuwasema wapagani. Walitusema sisi tuliobatizwa.

Lakini wapo waliotutangulia ambao imani yao haikuwa na siku ya mapumziko. Tumkumbuke Mwenye Heri Isidore Bakanja wa Kongo, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994. Huyu naye alikuwa msaidizi wa waashi. Alibatizwa mwaka 1906. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa kijana mfanyakazi aliyevaa skapulari ya Bikira Maria na kuwafundisha wenzake kusali baada ya kazi. Msimamizi wa shamba la mpira, aliyeichukia dini hiyo, aliamuru apigwe viboko kikatili. Isidore alikufa kwa majeraha hayo mwaka 1909, akiwa amemsamehe aliyemwumiza na kuahidi kumwombea mbinguni. Msamaha wa namna hiyo haupatikani ghafula siku ya mateso. Mtu huuandaa kwa siku nyingi za kawaida, katika sala ya asubuhi, katika kazi iliyofanywa kwa uaminifu, na katika subira ya kila siku.

Basi, tufanyeje ili nasi tukue? Twapendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila jioni tuichunguze dhamiri yetu. Fundi mwashi hangoji ukuta ufike darini ndipo apime. Hutia timazi tangu kozi za kwanza za matofali, kwa maana kosa la chini likiachwa, ukuta wote huinama. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kiliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, alitufundisha njia nyepesi: tumshukuru Mungu kwa mema ya siku hiyo, tuombe mwanga wa kuyajua makosa yetu, tuipitie siku saa kwa saa, tuombe msamaha, kisha tukusudie kujirekebisha kesho. Dakika 10 zatosha. Ndani ya dakika hizo tujiulize hasa: Leo nadaiwa na nani? Nadaiwa fedha, au nadaiwa shukrani, au neno la kuomba radhi?

Pili, tuchague tendo moja lenye mtu na siku yake. Mtu akisema, "Nitakuwa mwema," hajakusudia kitu bado. Lakini muuza nafaka aseme, "Kesho nitaacha kutumia debe hili lililobonyezwa." Karani aseme, "Kesho nitalipeleka mbele faili la mzee yule bila kungoja chai." Mume aseme, "Mshahara wa mwezi huu nitaufikisha nyumbani kabla sijapita kilabuni." Mama mwenye nyumba aseme, "Binti anayenisaidia kazi atakula chakula tunachokula sisi." Paroko naye aseme, "Kabla ya kununua kinara kipya cha altare, nitamlipa katekista posho yake." Tendo likitimizwa leo na kurudiwa kesho, huwa mazoea, na mazoea mema yakikaa, twayaita fadhila. Ndivyo Mkristo anavyokua.

Tatu, tusitembee peke yetu. Tangu mwaka 1976 Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ili Kanisa liishi pale majirani wanapokaa. Tusizigeuze kuwa mahali pa kukusanya michango tu. Mtakatifu Yakobo anatuambia leo kwamba dini iliyo safi mbele ya Mungu hujionyesha katika kuwaangalia yatima na wajane katika shida zao. Basi, kila jumuiya ikutanapo kusoma Injili isitawanyike kabla ya kuulizana: Juma hili nani ana shida jirani yetu, na nani atakwenda kwake? Juma lijalo waulizane tena: Je, tulikwenda?

Lakini tuwe waangalifu, ndugu wapendwa. Hatuununui upendo wa Mungu kwa matendo yetu. Yakobo yuyo huyo ameanza somo la leo kwa kutukumbusha kwamba kila kipaji chema hutoka juu, kwa Baba. Neema hututangulia. Neno limepandwa ndani yetu kama mbegu. Kazi yetu ni kulipokea na kuliacha lizae. Ndiyo sababu tunarudi kwenye Ekaristi kila Dominika: kwa vile tu dhaifu, na pasipo Mkate huo tungechoka njiani kabla ya Jumanne.

Ndugu wapendwa, kesho ni Jumatatu. Inawezekana yupo mtu ambaye amekwisha kuja mlangoni petu mara mbili, nasi tukamwambia avumilie. Huenda ni mzazi, huenda ni mfanyakazi, huenda ni mwenzi wetu wa ndoa anayesubiri neno moja la upole. Tusingoje mpaka atuvizie kando ya sakristia. Twende kwake sisi kwanza.

Tumwombe Mama Bikira Maria, aliyelishika Neno moyoni mwake na kuondoka kwa haraka kwenda kumsaidia Elizabeti, atuombee miguu myepesi ya kutenda mema.

Na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi daima. Amina. Tumsifu Yesu Kristo!