NCHI JIRANI: BEI YA KIYOYOZI HAIISHII DUKANI

Katika mwaka 2016 nchi mbili jirani ziligusa, kila moja kwa njia yake, jambo linalomega mishahara ya watumishi wengi, nalo ni kiyoyozi cha nyumbani. Kenya ilitunga kanuni zilizotaka viyoyozi, majokofu na vifaa vingine kadhaa vya umeme vipimwe na kubandikwa lebo ya nyota, kuanzia moja hadi tano. Huko Rwanda, katika mkutano uliofanyika Kigali mwezi wa Oktoba, mataifa yalikubaliana kupunguza hatua kwa hatua gesi za kupozea zinazoongeza joto la dunia.

Ndugu wasikilizaji, wapiganaji na askari mlioko makambini na vituoni, nyota hizo si pambo. Askari wa Mombasa atokaye lindo la usiku hulala mchana, jua likiwa kali kuliko wakati wowote. Huyo hahitaji kuelezwa faida ya kiyoyozi. Anachohitaji kuelezwa ni kwamba mashine hununuliwa mara mbili: mara ya kwanza dukani, na mara ya pili, kidogo kidogo, kwenye mita.

Chukua viyoyozi viwili vya BTU 12,000, vyenye uwezo ule ule wa kupoza. Kimoja hula wati 1,250, kingine wati 1,000. Vikifanya kazi kwa nguvu zote saa 8 kwa siku, cha kwanza humaliza uniti 10 na cha pili uniti 8. Uniti mbili ni kitu gani? Kwa siku 300 za mwaka ni uniti 600. Uniti moja ikikadiriwa kuwa shilingi 25 za Kenya, hizo ni shilingi 15,000 kila mwaka, na kwa miaka kumi 150,000. Basi hata kile cha pili kikizidi bei kwa shilingi 30,000, ziada hiyo itakuwa imerudi baada ya miaka miwili.

Hata hivyo askari ni mtu wa uhamisho. Atarajiaye kuhamishwa baada ya mwaka mmoja, tena kwenda bara kwenye baridi, afanye hesabu yake kwa mwaka mmoja, wala asisahau malipo ya fundi wa kung'oa na kufunga upya. Huenda feni na pazia zito vikamtosha.

Zipo pia mashine za inveta, ambazo hupunguza mwendo wake chumba kikishapoa badala ya kuzima na kuwaka kila mara. Hizo humfaa zaidi awashaye kwa saa nyingi. Lakini mashine yoyote, hata ya nyota tano, ikiachwa na chujio lililojaa vumbi au ikiwekwa kwenye nyuzi 18 madirisha yakiwa wazi, itakula umeme bure. Na fundi anayeongeza gesi kila mwaka bila kutafuta inapovujia, huyo anauza gesi, hatengenezi.

La kuangaliwa zaidi ni mitumba. Viyoyozi vingi vya zamani hutumia gesi ya R-22, ambayo chini ya Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zinatakiwa kuwa zimeacha kuiingiza ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Anunuaye mashine ya namna hiyo leo kwa sababu ni rahisi, atakuja kuitafuta gesi yake wakati imekwisha kuadimika.