Tezo na Kompyuta: Tusigombane, Tuchonge

(Maneno haya yalisemwa na mchongaji mmoja mzee mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana Ukambani. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, ila tumefupisha kidogo.)



Nimeambiwa niseme juu ya kuchonga sanamu kwa mkono na kuchonga kwa kompyuta. Mwenyekiti aliponiletea ujumbe huo nilicheka. Mimi kompyuta naijua wapi? Mimi najua tezo. Lakini jambo hili lilikaribia kuvunja kikundi chetu, kwa hivyo nitasema niliyoyaona, na nyinyi mtachukua la kuwafaa.

Ilianza hivi. Kikundi chetu kina wachongaji kumi na wanne. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukiweka akiba ya kununua magogo. Siku moja vijana watano wakasimama mkutanoni, wakasema pesa zile zinunue kompyuta. Mmoja wao ni mwanangu. Nikasimama nikasema, "Kompyuta haitoi vumbi. Kitu kisichotoa vumbi si uchongaji." Wazee wakapiga makofi, vijana wakatoka nje. Miezi miwili hawakuja mkutanoni. Nyumbani kwangu, mimi na kijana wangu tulikuwa tukisalimiana tu, basi.

Sasa kabla sijaendelea, tukumbuke tulikotoka. Wengi wetu tunadhani kuchonga simba na twiga ni urithi wa babu na babu. Sivyo. Wakamba wa zamani walichonga viti, vijiko, mizinga ya nyuki na mipini. Sanamu za kuuza zilikuja na Mutisya Munge wa Wamunyu. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918, alipelekwa Tanganyika. Huko akaona watu wakichonga sanamu kwa mpingo, naye akajifunza. Aliporudi nyumbani akaanza kuchonga na kuuza, na wengine wakajifunza kwake. Baadaye vikatoka vyama vya ushirika, Wamunyu kwenyewe, na Changamwe kule Mombasa.

Mnaona? Kazi hii tunayoilinda kama mali ya mababu, mtu mmoja aliileta kutoka ugenini. Labda hata yeye kuna mzee aliyemwambia, "Unachonga nini wewe, kitu kisichokaliwa wala kulia uji?" Nilipofikiri hivyo nikaanza kupunguza hasira.

Jambo la pili lililonipunguza hasira ni miti. Nilipokuwa kijana tulichonga muhugu na mpingo. Leo utaipata wapi? Muhugu huchukua karibu miaka mia moja kukomaa, na sisi tuliukata kama mahindi. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa miti walikuja wakatuonya, wakasema tutumie miti inayokua upesi: mwarobaini, mwembe, mjakaranda, mukima. Ushauri huo ulikuwa mzuri, kwa sababu mwarobaini uliopanda mwenyewe utauchonga ungali hai, kiasi cha miaka ishirini hivi. Lakini mti huo una tabia yake. Ukiuchonga mbichi na kuuacha juani, utapasuka.

Sisi hayo tulijifunza kwa machozi. Tulipata oda ya twiga mia mbili. Tulikuwa na haraka, tukachonga mwarobaini mbichi, tukapaka rangi ya viatu, tukafunga kwenye magunia. Vilipofika kwa mnunuzi, zaidi ya nusu vilikuwa na nyufa. Hatukulipwa, na magogo yalikuwa yamekwisha. Kosa lilikuwa letu wenyewe, simlaumu mtu. Lakini usiku ule nilijiuliza, mti mmoja ukikosewa, nani ataurudisha?

Ndipo nikaamua kwenda kuona hiyo kompyuta. Kijana wangu alikuwa akijifunzia katika chuo cha ufundi cha hapa karibu, siku za Jumamosi. Nikaenda, nikakaa nyuma yake bila kusema neno.

Hebu niwaeleze nilivyoona. Kwenye kioo kulikuwa na tufe la rangi ya kijivu, kama donge la udongo wa mfinyanzi. Kijana akashika ile kalamu yake ya kompyuta. Akisugua hapa, udongo unaongezeka. Akibadilisha kifaa, unachimbika. Kifaa kingine kinavuta, kama mtu anavyovuta pua ya sanamu ya udongo. Kingine kinalainisha kama msasa. Akichonga jicho la kushoto, la kulia linajichonga lenyewe sawasawa. Na akikosea, anabonyeza kidogo tu, lile kosa linaondoka kana kwamba halikuwako. Hapo nikawakumbuka wale twiga.

Programu yenyewe inaitwa Blender. Inatolewa bure kwa kila mtu, tangu mwaka wa 2002, wala si ya wizi. Kuna nyingine za kulipiwa, lakini mtu anayeanza hana haja nazo. Hata kwenye simu kubwa kuna programu za kuchonga, ingawa macho yanachoka.

Nikamwuliza, "Hiki ni kitu gani unachotengeneza?"

Akasema, "Ni eimu, baba. Yule wa hadithi za nyanya."

Mnamjua eimu, zimwi letu la hadithi. Mimi nimechonga wanyama kwa miaka arobaini, na sijawahi kumchonga eimu hata siku moja. Nilichonga yale aliyoyataka mgeni: twiga, kifaru, Mmasai na mkuki. Kumbe kijana niliyemwambia ameacha asili yetu, ndiye anayechonga hadithi ya mama yangu! Ndugu zetu Wamakonde walitutangulia katika jambo hili. Miaka ya 1950, kule Dar es Salaam, Samaki Likankoa alianza kuchonga viumbe vya hadithi na ndoto, macho huku, mguu kule, wenyewe wakaviita shetani. Watu wakavipenda, kwa sababu havikufanana na kitu kingine chochote dukani.

Basi nikamtazama yule eimu. Alikuwa wa kutisha kwelikweli. Lakini miguu yake ilikuwa myembamba kama ya korongo, na kichwa kikubwa.

Nikamwambia, "Mguu huu utavunjika."

Akasema, "Kwenye kompyuta hauvunjiki, baba."

Nikasema, "Na kwenye mti?"

Akanyamaza. Nikamwonyesha: nyuzi za mti zinapita hivi, kutoka chini kwenda juu. Mkono ukitoka nje kukata nyuzi, utakatika. Kichwa kizito kikiwa mbele, sanamu itaanguka kifudifudi. Ni lazima mkia ufike chini, uwe kama mguu wa tatu. Akavuta ule mkia mpaka chini, akanenepesha miguu, na eimu akasimama. Siku ile tulirudi nyumbani pamoja tukiongea njia nzima.

Baadaye alinisimulia habari ya filamu moja ya Marekani ya mwaka wa 1993, iitwayo Jurassic Park, ile yenye mijusi mikubwa ya kale. Kulikuwa na fundi mmoja, Phil Tippett, ambaye kazi yake ilikuwa kufanya vinyago vya wanyama vionekane vinatembea, akivisogeza kidogo kidogo. Alipoonyeshwa mijusi iliyotengenezwa kwa kompyuta aliona kazi yake imekwisha. Lakini hawakumfukuza. Wale wa kompyuta hawakujua mnyama mzito anavyokanyaga, au anavyogeuza shingo kabla ya kuruka. Wakatengeneza kinyago cha chuma chenye waya, mafundi wa mkono wakakisogeza, na kompyuta ikafuata. Mjusi mmoja mkubwa pia alijengwa kwa mikono, mzima, mrefu wa mita kumi na mbili hivi. Na mwaka wa 1994 Tippett alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo kwa filamu hiyo. Kwa hivyo wazee, msiogope. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Sasa nyinyi mtaniuliza, faida iko wapi? Nitawaambia ukweli, hatujawa matajiri. Lakini tumefanya hivi. Kijana alimtumia mnunuzi picha ya eimu, mbele, ubavuni na nyuma, kabla hatujagusa mti. Mnunuzi akasema masikio yawe makubwa zaidi. Yakabadilishwa alasiri ile ile. Alipokubali, akatuma malipo ya kwanza, ndipo tukakata gogo. Zile picha tukazichapisha kwa ukubwa kamili, tukazibandika kwenye pande za gogo, tukafuata mistari kwa msumeno na tezo. Tulichonga thelathini. Zote zilifanana kwa umbo, lakini kila moja ina uso wake, kwa sababu mikono ni tofauti. Hakuna hata moja iliyopasuka. Tuliacha mbao kivulini zikiwa zimefukiwa kwenye maranda ili maji yatoke polepole, na ncha zake tukazipaka nta.

Kuna pia mashine inayochapisha sanamu ya kompyuta kwa plastiki, ikiweka tabaka juu ya tabaka, nyembamba sana. Ni nzuri kwa mfano mdogo wa kuonyesha. Lakini mimi sishauri kikundi kikimbilie kuinunua. Mnunuzi wetu anataka mti uliopita mikononi mwa mtu.

Jambo moja la hatari. Sanamu ya kompyuta ni rahisi kuibwa. Mtu akipata faili lako, au hata akiizunguka sanamu yako na kuipiga picha nyingi, kompyuta inaweza kuunda nakala. Sisi tuliwahi kuona kiboko wetu dukani, ametengenezwa kwa plastiki ya kumimina, hata ule mkwaruzo wa tezo yangu uko pale! Sheria ya Kenya ya Haki Miliki ya mwaka wa 2001 inalinda sanamu, maisha yote ya mchongaji na miaka hamsini baada ya kufa kwake. Na kazi inaweza kuandikishwa kwa Halmashauri ya Haki Miliki ya Kenya, ili mkigombana na mtu muwe na ushahidi. Pia andikeni daftarini: nani alichora, nani alichonga, tarehe gani. Picha ya umbo zima mpeni mnunuzi, lakini lile faili lenyewe libaki na kikundi.

Na ile njia ya picha nyingi inaweza kutusaidia sisi pia. Weka sanamu ya zamani kivulini, izunguke ukipiga picha hamsini au sitini, kila picha ishikane na iliyotangulia. Kwa njia hiyo umbo la kazi ya mzee aliyekufa laweza kuhifadhiwa hata kama sanamu yenyewe itauzwa. Kuna wazee wangapi wamekwenda na kazi zao zote?

Kwa hivyo, kikundi kinachotaka kuanza, nawashauri hivi:

1. Msinunue kompyuta kwanza. Tafuteni chuo cha ufundi au kituo cha vijana chenye kompyuta, mkapeleke vijana wawili wenye bidii.

2. Kila kijana afinyange umbo lake kwa udongo kabla ya kwenda kwenye kompyuta. Udongo ni bure, na unafundisha uzito.

3. Mzee mmoja akae na kijana. Mzee aseme habari ya mti, kijana aseme habari ya kompyuta. Asiwepo wa kumcheka mwenzake.

4. Msikate gogo kabla ya mnunuzi kukubali picha na kutoa malipo ya kwanza.

5. Kila gogo moja mnalokata, pandeni miti mitatu, na mweke mtu wa kuitunza.

6. Mkisugua kwa msasa, fungeni kitambaa puani. Mafundi wa mawe kule Tabaka, Kisii, husugua kwa maji, na hivyo vumbi linapungua.

Kikundi chetu kiligawa ile akiba. Sehemu kubwa ilinunua magogo na miche ya mwarobaini. Sehemu ndogo ililipa karo ya vijana wawili, na tukanunua kompyuta moja iliyotumika. Wale watano wamerudi. Mmoja sasa ni mwandishi wa kikundi.

Na yale maneno niliyosema, kwamba kitu kisichotoa vumbi si uchongaji? Nimeyarudisha mbele ya mkutano. Mzee akikosea hana budi kusema amekosea. Yeye hana kile kitufe cha kufuta.



Maswali ya kujadiliana kikundini:

- Vijana wetu wana ujuzi gani ambao sisi wazee tumeukataa bila kuuona?
- Ni hadithi gani za kwetu ambazo hazijachongwa wala kufinyangwa?
- Miti tunayotumia inatoka wapi, na itatosha kwa miaka mingapi?
- Nani anaweka kumbukumbu ya kazi zetu, na zimehifadhiwa wapi?