Swali Lisilofungwa

Wachukueni vijana wawili waliomaliza kidato cha nne mwaka mmoja kwa alama sawa, mmoja wa Dodoma na wa pili wa Kabanga wilayani Ngara, mpakani na Burundi, kisha watazameni siku wanapokwenda kuomba kitambulisho cha taifa: wa Dodoma ataulizwa jina lake na mahali alipozaliwa, akaenda zake, bali wa Kabanga, aghalabu, ataulizwa pia babu yake alizaliwa wapi, bibi yake alizikwa wapi, na kwa nini Kihangaza chake kinafanana mno na Kirundi. Na pasipo namba ya kitambulisho hicho, namba ya NIDA, kijana hasajili laini ya simu wala hapati pasipoti.

Jibu la swali hilo la lugha limo katika tarikhi, halimo kinywani mwa kijana. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Bugufi na Bushubi, ambazo leo ni Ngara, pamoja na Urundi na Rwanda, zote zilikuwa chini ya bendera ya Mjerumani. Vita vilipokwisha, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakapatana mwaka 1919, Mbelgiji akatwaa Rwanda na Urundi, Mwingereza akabaki na Tanganyika, na Wahangaza wakawa watu wa upande huu wa mpaka pasina kuhama hata hatua moja.

Simnyimi serikali udhuru wake. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja, Benaco wilayani Ngara ikageuka mji wa maturubai. Na baadaye silaha zilienea hata mabasi yakawa hayapiti pori la Biharamulo ila kwa kusindikizwa na askari. Nchi ina haki ya kujua ni nani aliyemo ndani yake. Lakini Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyokusudiwa wahamiaji haramu na majambazi, iliwang'oa pia watu waliosema kwamba walizaliwa hapa hapa. Na miaka kumi na miwili kabla yake, Jenerali Ulimwengu, mwandishi mashuhuri aliyekwisha kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, alitangazwa kuwa si raia, ikambidi aombe uraia wa tajnisi. Ikiwa mtu wa daraja ile hakusalimika, mkulima wa kahawa wa Ngara au mchungaji ng'ombe wa Biharamulo atajikinga kwa nini?

Ajabu ni kwamba Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, ukiisoma maandishi yake, yampa uraia, ila kwa masharti machache, kila aliyezaliwa katika Jamhuri baada ya Muungano. Lakini ada ya ofisini ni kutafuta uraia wa wazazi kwanza, na mzazi aliyezaliwa kijijini, akapokewa na mkunga wa jadi, hana hati ya kuonyesha, ana majirani tu.

Basi insafu yataka nini? Yataka mtoto apewe cheti chake zahanati alipozaliwa, na mzee asiye na cheti asikilizwe kwa ushahidi wa baraza la kijiji chake, hukumu ikaandikwa na kutiwa mhuri. Kuuliza si dhuluma; dhuluma ni swali kuulizwa, likajibiwa, kisha mtoto akalirithi kwa baba yake kama anavyorithi shamba la migomba.