Kuondoa Mfumo Mmoja Katika Kompyuta Yenye Mifumo Miwili

Ninyi mlio Same mjini, na ninyi mlio juu milimani, Mbaga, Gonja na Chome, sikilizeni. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kompyuta iliyo na mabwana wawili.

Kila kompyuta ina programu kuu inayoiamsha na kuiongoza. Huitwa mfumo endeshi. Katika kompyuta nyingi za ofisini na shuleni mfumo huo ni Windows. Mwingine ni Linux, na katika namna zake nyingi iliyoenea sana ni Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni ndugu wa neno letu utu. Nayo hutolewa bure, basi watu wengi huiweka kando ya Windows katika kompyuta ile ile. Ukiiwasha, kompyuta huuliza: leo nimwamshe nani?

Siku zikipita, mmoja hatumiwi tena, naye amekalia nafasi. Mwenye kompyuta asema, nitamfuta. Hapo ndipo penye hatari.

Mwaijua ndiva. Maji ya kijito hujaa ndani yake usiku, na asubuhi mlango hufunguliwa, maji yakashuka kwa mfereji hadi mashambani. Sasa fikirini ndiva moja yenye mashamba mawili, na mfungua mlango amejenga kibanda chake katika shamba la pili. Wewe hulitaki tena shamba lile. Walisafisha lote, na kibanda umekivunja pamoja nalo. Kesho asubuhi nani atafungua mlango? Shamba lako la kwanza halikuguswa, mahindi yamesimama, lakini maji hayaji.

Ubuntu inapowekwa kando ya Windows, huja na mfungua mlango wake aitwaye GRUB. Yeye ndiye anayeuliza lile swali, na vitu vyake vingi vimo upande wa Ubuntu. Katika kompyuta nyingi, ukifuta upande huo kabla ya kumweka mwingine, utawasha na kuona kioo cheusi chenye maneno grub rescue. Faili zako za Windows zimo, ila huzifikii. Mtu hushikwa na hofu, humwita fundi, na fundi asiye mwangalifu huweka Windows mpya juu ya ile ya zamani. Daftari la kikundi cha akiba, la miaka mitano, limekwenda.

Basi sharti tuanze na nakala. Ingia upande wa Ubuntu wenyewe, unakili kila unachokitaka katika flashi. Msiseme, "Nimetazama katika Windows, sikuona kitu." Windows kwa kawaida haisomi upande wa Ubuntu. Kisha fungua faili mbili tatu za flashi katika kompyuta nyingine, uone kama zinasomeka. Nakili na mambo ya Windows pia. Kompyuta nyingine zina kufuli iitwayo BitLocker, ambayo yaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48 ukibadili mpango wa kuamka. Utafute ufunguo huo mapema, uuandike katika karatasi.

Pili, mfungua mlango. Zima kompyuta, uiwashe, na papo hapo bonyeza F2, F12, Esc au Delete. Kila mtengenezaji ana kitufe chake. Katika kompyuta za miaka ya karibuni utaona orodha yenye jina ubuntu na jina Windows Boot Manager. Weka hilo la Windows juu, hifadhi, kisha washa tena. Windows ikiamka bila GRUB kuuliza kitu, umempata mtu wako. Jaribu tena kesho yake, hakuna haraka.

Kompyuta za zamani hazina orodha hiyo. Humo GRUB amekaa mwanzoni kabisa mwa diski, na huondolewa kwa flashi ya kuwekea Windows, mahali pa marekebisho, kwa amri bootrec /fixmbr. Kama hujapata kuifanya, mwite anayeijua, nawe ukae karibu utazame.

Sasa ndipo tufute. Chomeka waya wa umeme na betri iwe imejaa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hii ni taabu. Katika Windows fungua Disk Management. Utaona diski imekatwa vipande. Cha Windows kina herufi C. Vya Ubuntu havina herufi wala neno NTFS, na ukubwa wake ni kama ule uliotengwa siku ile. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, uchague Delete Volume. Lakini kipande kiitwacho EFI, ambacho ni kidogo, ndicho kibanda cha mfungua mlango mpya. Hicho, na kile cha Recovery, usiviguse. Usichokijua pia kiache.

Nafasi iliyoachwa huunganishwa na C kwa Extend Volume. Maneno hayo yakiwa yamefifia, huenda kipande kingine kiko katikati. Usishindane nacho, ifanye nafasi hiyo kuwa diski mpya yenye herufi yake.

Wako wanaotaka kinyume, wabaki na Ubuntu, hasa tangu Microsoft ilipokoma kuitunza Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazipokei Windows 11. Kwao kazi ni nyepesi, kwa kuwa GRUB anabaki kazini. Nakala ni ile ile, na EFI haiguswi. Wakiisha kufuta kipande cha Windows, waandike amri sudo update-grub, ili orodha iandikwe upya.

Kabla ya juma lijalo, fungueni Disk Management katika kompyuta ya darasa. Msifute kitu. Andikeni daftarini kila kipande, herufi yake na ukubwa wake. Kwaherini.